Kumlea msanii chipukizi na meneja wake mkoani Kigoma: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Vijana wa muziki wa hapa Kigoma, kabla hata hatujamaliza kusalimiana, huniuliza ni lini waende Dar es Salaam. Wamekua wakisikia majina ya Diamond Platnumz na Ali Kiba yakitajwa kuwa ni watoto wenye asili ya mkoa huu, na kwa kuwa kazi za wote wawili zilijengwa Dar es Salaam, wameamini kwamba muziki huanzia kule treni inakoishia. Sina neno baya juu ya safari hiyo ya zaidi ya kilomita 1,200. Ninachowaambia ni kwamba mtu haondoki na kipaji peke yake: huondoka na nyimbo zilizokamilika, karatasi zinazoonyesha nyimbo hizo ni za nani, hesabu za kazi alizokwisha kufanya, na mtu mmoja anayemsimamia kwa makubaliano yaliyoandikwa. Vyote vinne hupatikana hapahapa Mwanga, Ujiji, Gungu au Kasulu, na kuvipata huku ukiwa nyumbani kwenu ni rahisi kuliko kuvitafuta huku ukidaiwa kodi ya chumba mjini.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya msanii na meneja kwa pamoja. Mara nyingi msanii hupelekwa kwenye mafunzo, meneja wake, ambaye huwa ni kaka, rafiki wa shule au jirani, akaachwa nje akisubiri na pikipiki. Wakirudi nyumbani mmoja anajua na mwingine hajui, na ugomvi huanzia hapo. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba waje wote wawili, na kila mmoja awe na daftari lake.

Hatua ya kwanza: kuhesabu nyimbo na kuzisikiliza

Tunaanza kwa kuchora jedwali lenye safu saba: jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti ya kuimbia, aliyetengeneza biti, studio na tarehe, aliyelipia, na mahali faili lilipo. Safu ya mwisho ndiyo inayowashtua wengi. Msanii aliyekuja akisema ana nyimbo 14 hugundua kwamba anazo faili za nyimbo tano tu, na kati ya hizo mbili ni MP3 alizotumiwa kwa WhatsApp, wakati nyingine zote ziko kwenye kompyuta ya prodyuza ambaye huenda ameshahamia Mwanza au ameshaiuza kompyuta hiyo. MP3 imekwisha kupunguzwa ubora na ubora huo haurudi. Kazi ya wiki ya kwanza kwa meneja, kwa hiyo, ni kwenda studio moja baada ya nyingine akiwa na flashi, na kuomba vitu vitatu kwa kila wimbo: faili la WAV, yaani lisilopunguzwa ubora, la wimbo mzima, biti tupu isiyo na sauti ya mwimbaji, na ikiwezekana vipande vya kila ala na kila sauti peke yake. Biti tupu ndiyo itakayotumika jukwaani, na vipande ndivyo vitakavyomwokoa msanii siku atakapotaka kurekebisha wimbo au kuufanyia kolabo. Vyote vihifadhiwe mahali pawili, kwenye flashi na kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe ya msanii mwenyewe.

Baada ya hapo tunasikiliza, lakini hatusikilizii kwenye spika za studio, kwa kuwa spika hizo hupendezesha kila kitu. Nakumbuka msichana mmoja wa Ujiji ambaye wimbo wake ulikuwa umesifiwa sana na prodyuza. Tuliupeleka kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, tukauweka kwenye simu ya kawaida iliyolala juu ya meza ya mbao, tukakaa kimya. Mafuta yalikuwa yakichemka, bodaboda zikipita, na besi ilikuwa imeimeza sauti yake kiasi kwamba mama muuzaji aliinamisha kichwa akauliza, "Anasema nini huyu mwanangu?" Msichana alirudi studio siku ya pili, sauti ikapandishwa, kibwagizo kikasogezwa mbele kutoka dakika ya kwanza na nusu hadi sekunde ya 40. Maneno hayakubadilishwa hata moja. Jaribio hili halina gharama zaidi ya sahani ya chipsi, nami naliamini kuliko maoni ya marafiki.

Katika nyimbo zote chagueni tatu za kuanzia. Na hapa niseme jambo ninalolisimamia kwa dhati: msanii wa Kigoma asione aibu kuingiza Kiha katika wimbo wake. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na Kiswahili kinazungumzwa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Anayeficha lafudhi yake ili asikike kama mtu wa Kinondoni anajifungia soko lililo karibu naye kuliko Dar es Salaam yenyewe.

Hatua ya pili: kutenganisha meneja, mfadhili na promota

Huku kwetu yeyote aliyelipia studio huitwa meneja. Huyo ni mfadhili. Ametoa fedha, na ana haki ya kurudishiwa kwa namna iliyoandikwa, lakini fedha yake haimpi ujuzi wa kupanga ratiba wala haki ya kuamua msanii aimbe nini. Promota ni mtu anayeandaa onyesho kwa fedha zake na kubeba hasara yake. Meneja ni yule anayeshika kalenda, anayepokea simu za kazi, anayepatana bei, anayedai malipo na anayetoa hesabu. Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia zaidi ya moja, ila kila kofia iandikwe kwenye karatasi yake.

Kabla ya mkataba wowote huwapa miezi mitatu ya kujaribiana. Katika siku 30 za kwanza meneja atafute kazi mbili zinazolipa, hata kama ni shughuli ya kumtunza bibi harusi au ufunguzi wa duka, na alete hesabu iliyoandikwa ndani ya siku mbili baada ya kila kazi. Msanii naye aandae onyesho la dakika 20 analoweza kuliimba laivu bila kufichwa na sauti iliyorekodiwa, na afike kila mahali nusu saa kabla. Mwisho wa miezi mitatu hakuna haja ya kuulizana kama mnaaminiana, kwa sababu madaftari mawili yatakuwa yameshajibu.

Hatua ya tatu: mkataba wa usimamizi

Kijana mmoja wa Gungu aliniletea mkataba wa ukurasa mmoja aliokuwa ameusaini miaka miwili nyuma. Sehemu ya muda ilisomeka kwamba mkataba utaendelea "mpaka meneja atakaporudisha gharama zake zote". Niligeuza ukurasa kutafuta orodha ya gharama, sikuiona, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa. Ina maana kwamba mkataba ule haukuwa na mwisho, kwani kila nauli, kila vocha na kila chakula cha usiku viliongeza deni lisilojulikana kimo. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka, na hakuna aliyemwonyesha mahali pa kutazama. Mahali penyewe ni hapa.

Muda uandikwe kwa tarehe. Kwa msanii anayeanza mwaka mmoja unatosha, pamoja na nafasi ya kuongeza miwili ikiwa lengo lililoandikwa limefikiwa, kwa mfano idadi ya maonyesho ya kulipwa au mapato ya kiasi fulani.

Asilimia ya meneja, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 15 na 20, isiandikwe bila kutaja inakatwa katika nini. Chukueni mfano wa harusi ya Kasulu inayolipa shilingi 600,000. Usafiri ni 90,000, wachezaji wawili 80,000, chakula 30,000 na mpiga video 20,000, jumla 220,000. Asilimia 20 ikikatwa katika malipo yote, meneja anapata 120,000 na msanii anabaki na 260,000. Ikikatwa baada ya gharama, meneja anapata 76,000 na msanii 304,000. Tofauti ya shilingi 44,000 kwa onyesho moja, ikizidishwa kwa maonyesho 30, ni fedha ya kurekodia nyimbo kadhaa. Mimi hupendekeza ikatwe baada ya gharama zilizokubaliwa na zenye risiti, kwa sababu hapo meneja naye ana sababu ya kuzibana gharama.

Deni la mfadhili liwe na karatasi yake, lenye kiwango cha juu kisichovukwa bila sahihi ya msanii, na lilipwe kutokana na mapato ya nyimbo alizozifadhili tu, si kwa kila shilingi msanii anayoipata maishani.

Andikeni pia mambo ya kuachana. Inafaa meneja aendelee kupata sehemu, tuseme nusu ya asilimia yake, kwa kazi alizozitafuta yeye zitakazolipwa baada ya mkataba kwisha, kwa kipindi cha miezi sita hadi kumi na miwili, kisha basi. Bila kifungu hiki meneja mzuri ataogopa kuhangaikia kazi za mbali, na msanii atashawishika kumfukuza wiki moja kabla ya malipo makubwa.

Halafu kuna jambo ambalo mikataba mingi husahau, nalo ni nani anamiliki kurasa za mtandaoni. Chaneli ya YouTube na kurasa za Instagram, TikTok na Facebook zifunguliwe kwa barua pepe ya msanii, na kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake, kwa maana nywila ikipotea ujumbe wa kuirudisha huenda kwenye laini hiyo. Pale jukwaa linaporuhusu, meneja apewe nafasi ya usimamizi bila kuwa mwenye akaunti. Nimeona chaneli yenye maelfu ya wafuasi ikipotea kwa sababu laini ilikuwa ya binamu aliyegombana na msanii.

Msanii aliye chini ya miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba peke yake, kwa hiyo mzazi au mlezi awepo tangu mazungumzo ya kwanza, asiitwe siku ya kusaini tu. Na aliyefikisha umri apewe walau siku saba za kuusoma mkataba nyumbani na kumwonyesha wakili. Ada ya wakili kusoma kurasa nne huonekana kubwa siku unapoilipa, ila kutoka katika mkataba mbaya hugharimu zaidi ya hapo mara nyingi.

Hatua ya nne: karatasi za umiliki na za biashara

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokaa pamoja bila kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya kuimbia. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo wenyewe studioni huiita masta. Aliyetunga anaweza asiwe mwenye masta, na aliyelipia studio hageuki kuwa mtunzi. Ndiyo maana kila wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatoka studio, jazeni karatasi ya mgawanyo: majina kamili, nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya masta, kila upande ujumlishe 100, tarehe, sahihi za wote. Ni kazi ya dakika kumi. Kama prodyuza amelipwa fedha taslimu na hana sehemu katika masta, hilo nalo liandikwe. Kama hakulipwa na anangojea mgawo, liandikwe vilevile.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa sababu tu imetungwa, na ulinzi wa mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kusajili kazi COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya taifa, kwa hiyo, hakukupi haki mpya, bali kunakupa ushahidi siku mtu atakapodai wimbo ni wake. Sajilini zile nyimbo tatu mlizochagua kabla hazijatoka.

Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na wadau wa sanaa na kutoa vibali, na kwa aliyeko mkoani mlango wa karibu ni afisa utamaduni wa halmashauri. Jitambulisheni kwake mapema, si siku mnayotaka kibali cha onyesho la jioni hiyo. Kwa upande wa biashara pateni namba ya mlipa kodi TRA na, ikiwa mtatumia jina la kikundi au la jukwaani kibiashara, lisajilini BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Yote mawili yanahitaji namba ya NIDA. Taasisi, hoteli na mashirika yanayofanya kazi mkoani hulipa kwa ankara na risiti, na msanii asiye na karatasi hizo huwaona wakimwita mwingine.

Hatua ya tano: kutoa wimbo

Jipeni wiki sita kati ya siku wimbo unapokamilika na siku unapotoka. Msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayoupeleka wimbo wenu kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki, atahitaji faili la WAV, kava ya mraba yenye pikseli 3,000 kwa 3,000, majina ya watunzi yaliyoandikwa sawasawa na karatasi ya mgawanyo, na namba ya ISRC, yaani namba ya utambulisho ya rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo wasambazaji wengi humpatia msanii wenyewe. Someni namna anavyotoza: wapo wanaodai ada ya kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, wapo wanaokata asilimia ya mapato. Kwa asiye na uhakika wa kipato cha mwaka ujao, namna ya pili ni salama zaidi.

Wimbo unaotaka kupendekezwa kwa wahariri wa orodha za Spotify hupelekwa angalau siku saba kabla ya kutoka. Na msanii ajue mapema kwamba tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha visikilizo 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi mapato huko, na kwamba YouTube huanza kugawa mapato ya matangazo kwa chaneli yenye wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Viwango hivi visimkatishe mtu tamaa, ila vimwonyeshe kwamba fedha ya mwaka wa kwanza itatoka jukwaani. Boomplay, Audiomack na Mdundo zisisahauliwe, kwani wasikilizaji wetu wengi wako huko. Kununua watazamaji wa uongo ni kutupa fedha, na mifumo ya majukwaa hayo huwakamata.

Redio za mkoani nendeni kwa miguu, mkiwa na wimbo kwenye flashi, toleo lisilo na lugha chafu, na maelezo ya msanii yasiyozidi nusu ukurasa. Ombeni kujua ni kipindi gani kinacheza nyimbo mpya na siku gani mrudi kuuliza. Mtangazaji akidai fedha ili aupige wimbo, ondokeni kwa heshima.

Hatua ya sita: maonyesho, ziwa na mwezi

Hapa ndipo meneja wa Kigoma anapotakiwa kuujua mkoa wake. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, na vyombo hukaa ufukoni kwa siku kadhaa. Siku hizo watu wa Kibirizi na Katonga wako nchi kavu, wana nafasi, na fedha ya mavuno ya giza lililopita bado iko mfukoni. Onyesho lililopangwa katikati ya giza hupoteza nusu ya watu wake. Vivyo hivyo angalieni vipindi vya kufungwa uvuvi ziwani, kama kile cha kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, ambavyo hukausha mzunguko wa fedha mwaloni. Miezi hiyo elekezeni nguvu Kasulu, Buhigwe na Kibondo, ambako wakulima huwa wameshaanza kuvuna na kuuza. Ujiji msipange muziki ndani ya Ramadhani. Pangeni Idd, na anzeni kuzungumza na kamati za harusi tangu Shaabani.

Kila kazi iwe na barua ya makubaliano ya ukurasa mmoja: tarehe, mahali, saa ya kupanda na kushuka jukwaani, malipo, nani analeta vyombo vya sauti na jenereta, nani anagharimia usafiri, na nusu ya malipo itolewe kabla ya siku. Mwenyekiti wa kamati ya harusi anaweza kusema, "Kijana wangu, kwani huniamini?" Meneja ajibu kwa adabu kwamba anamwamini mzee, na kwamba karatasi ni kwa ajili yake pia, ili msanii asije akachelewa au akapokea shughuli nyingine siku hiyohiyo. Nimeona wazee wakilainika kwa jibu hilo, kwa kuwa ni la kweli.

Baada ya onyesho hesabu iandikwe usiku uleule au kesho yake asubuhi, mbele ya wote wawili, fedha ikiwa juu ya meza: iliyoingia, gharama moja moja, sehemu ya meneja, sehemu ya msanii, na kiasi kidogo, hata asilimia kumi, kinachowekwa kwenye mfuko wa kurekodia. Kisha kila mmoja asaini kwenye daftari la mwenzake.

Hatua ya saba: Dar es Salaam

Muda wa kwenda ni pale mtakapokuwa na nyimbo tatu zilizotoka na kusajiliwa, maonyesho walau 15 yaliyolipwa na kuandikwa, video mbili za msanii akiimba laivu mbele ya watu, na mfuko unaotosha wiki mbili bila kumtegemea mtu. Kabla ya kukata tiketi meneja awe na miadi mitano iliyothibitishwa kwa majina, siku na saa: studio, redio, msambazaji, mwandaaji wa matamasha, msanii wa kufanya naye kolabo. Tiketi ikatwe ya kwenda na kurudi. Kila jioni meneja aandike walionana na nani, kilisemwa nini, na nani aliahidi kufanya nini kwa tarehe ipi.

Msisaini kitu huko. Mtu yeyote mwenye nia njema atakubali mkataba wake usafiri na treni hadi Kigoma, usomwe kwa siku saba na wakili, ulinganishwe na mkataba wa usimamizi mlionao, na urudishwe ukiwa na masahihisho yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni.